Mrithi Aliyewekwa Rehani: Kisa cha Yi Un na Kuanguka kwa Ufalme wa Korea

Uchambuzi huu unahusu watu waliokwisha kuingia katika historia, kwa hiyo wakuu wa pande zote wametajwa kwa majina yao. Watumishi wa ikulu, walezi, madaktari, maofisa wadogo na raia walioguswa na mkasa huu wameachwa bila majina. Baadhi yao wana wajukuu walio hai, na hoja haipungukiwi kitu bila wao.

Swali linalofuatiliwa ni hili: mtoto akichukuliwa ili wazazi wake watulie, ni nani mwenye jukumu la kumrudisha, na kwa tarehe gani? Katika kisa cha Yi Un, mrithi wa mwisho wa kiti cha Korea, kila upande ulikuwa na sababu ya kumshika. Hakuna hata mmoja uliokuwa na mpango wa kumwachia.

## Usuli

Yi Un alizaliwa Seoul tarehe 20 Oktoba 1897, siku nane tu baada ya baba yake, Gojong, kutawazwa upya, safari hii kwa cheo cha kaizari. Ukoo wa Yi ulikuwa umekalia kiti tangu 1392, na kwa karne nyingi uliitambua China kuwa ndiyo mkubwa wake. Kujiita kaizari kulikuwa kuutangazia ulimwengu kwamba Korea haina bwana.

Ila cheo kilipanda wakati nguvu zinashuka. Oktoba 1895 kundi lililoongozwa na Wajapani lilikuwa limevamia ikulu na kumuua Malkia Min, mke mkuu wa Gojong. Februari 1896 Gojong mwenyewe alitoroka ikulu yake akiwa amejificha ndani ya machela ya wanawake, akakimbilia ubalozi wa Urusi na kuishi humo mwaka mzima.

Bibi Eom, mama yake Yi Un, alikuwemo katika mpango wa utoroshaji ule. Hakutoka ukoo wa wakubwa. Aliingia ikulu akiwa mtoto, akahudumu miaka mingi, na alipomzaa Yi Un alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Mwanamke huyu hafai kupitwa juu juu. Mwaka 1905 na 1906 alitoa mali na ardhi yake kuanzisha shule, moja ya wavulana na mbili za wasichana. Mojawapo ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Sookmyung, Seoul. Alikuwa na akili ya siasa, na alitaka mwanawe afike mbali.

Nje ya ikulu mambo yalikuwa yameshaharibika. Japani iliishinda Urusi katika vita vya 1904 na 1905, na Novemba 1905 ikailazimisha Korea kutia saini mkataba wa kukabidhi mambo yake yote ya nje. Mwaka uliofuata Ito Hirobumi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Japani mara nne, alifika Seoul kama Mwakilishi Mkuu. Kwa maneno, alikuwa mshauri wa kaizari. Kwa vitendo, kaizari hakuweza kufanya jambo kubwa bila yeye.

Wakati huo Gojong alikuwa na watoto watatu wa kiume wanaohusika na kisa hiki. Mkubwa, Sunjong, hakuwa na mtoto. Wa pili, Yi Kang, alizaliwa 1877, alikuwa amesoma Marekani na alikuwa mtu mzima mwenye marafiki na maadui wake mwenyewe. Wa tatu alikuwa Yi Un, aliyekuwa bado anacheza na walezi.

## Yaliyotokea

Katikati ya 1907 Gojong alituma wajumbe watatu kwa siri kwenye mkutano wa amani wa The Hague, Uholanzi, wakaulalamikie mkataba wa 1905. Hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Japani haikuhitaji kisingizio kikubwa kuliko hicho: Julai Gojong alilazimishwa kuachia kiti, akawekwa Sunjong. Tarehe 1 Agosti jeshi la Korea lilivunjwa. Mwezi huohuo Yi Un, ambaye hajatimiza miaka 10, alitangazwa mrithi, na kaka yake Yi Kang akarukwa.

Desemba 1907 mtoto huyo alipandishwa meli kwenda Japani, Ito akiwa naye. Iliitwa safari ya masomo. Alipewa nyumba Azabu, Tokyo, akawekewa walimu, na Kaizari Meiji akampokea kwa heshima zote za kifalme.

Ito aliuawa kwa risasi kituo cha treni cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909, na aliyefyatua alikuwa Mkorea, An Jung-geun. Miezi kumi baadaye, tarehe 22 Agosti 1910, mkataba wa kuimeza Korea ulitiwa saini, na tarehe 29 ukatangazwa. Sunjong akashushwa kutoka kaizari hadi kuitwa "Mfalme Yi", cheo kisicho na nchi, chini ya wizara ya nyumba ya kifalme ya Japani. Yi Un akawa mrithi wa cheo hicho.

Bibi Eom alifariki Julai 1911 kwa homa ya matumbo. Mwanawe alirudi Seoul kumzika. Alikuwa ameondoka akiwa na mama, akarudi kwa msiba, kisha akapelekwa tena Tokyo na kuingizwa shule ya kijeshi ya vijana. Mwaka 1917 alihitimu chuo cha maofisa wa jeshi la Japani.

Kabla hajaondoka Korea, familia ilikuwa imeshamchagulia mchumba, binti wa ukoo wa Min. Japani iliuvunja uchumba huo. Binti yule hakuolewa maisha yake yote na aliishi miaka mingi uhamishoni Shanghai. Mahali pake akawekwa Masako wa nyumba ya Nashimoto, tawi la ukoo wa kaizari wa Japani. Masako alikuja kueleza mwenyewe kwamba alipata habari za uchumba wake kwa kuzisoma gazetini, Agosti 1916, akiwa na umri wa miaka 14. Sheria ya nyumba ya kaizari haikuruhusu binti wa ukoo kuolewa na Mkorea, hivyo mwaka 1918 ikarekebishwa.

Harusi ilipangwa mwishoni mwa Januari 1919. Tarehe 21 ya mwezi huo Gojong alifariki ghafla. Habari zikaenea Seoul nzima kwamba ametiliwa sumu, na ingawa halikuthibitishwa, watu hawakusubiri uthibitisho. Maelfu waliomiminika mjini kwa mazishi yaliyopangwa Machi 3 ndio waliojaza mitaa tarehe 1 Machi, pale azimio la uhuru liliposomwa hadharani. Maandamano yalienea nchi nzima. Yi Un alirudi kwa msiba, akarudishwa Tokyo, na harusi ikasogezwa hadi tarehe 28 Aprili 1920. Kijana mmoja wa Kikorea alikamatwa kabla yake kwa njama ya kuirushia bomu.

Mtoto wao wa kwanza, Jin, alizaliwa Agosti 1921. Majira ya kuchipua ya 1922 walimpeleka Korea kwa mara ya kwanza, na wakafanyiwa mila za ndoa za Kikorea mbele ya Sunjong. Safari ilipofikia ukingoni mtoto akaugua, na tarehe 11 Mei akafa Seoul. Hakuwa ametimiza hata miezi tisa. Taarifa rasmi ilitaja ugonjwa wa tumbo. Minong'ono ilitaja sumu. Wengine waliwatuhumu Wakorea waliotaka kulipiza kifo cha Gojong, wengine wakawatuhumu Wajapani.

Sunjong alifariki Aprili 1926 na Yi Un akarithi cheo cha Mfalme Yi akiwa Tokyo. Mwaka 1927 na 1928 alizunguka Ulaya na mkewe. Mwana wao wa pili, Ku, alizaliwa mwisho wa Desemba 1931. Yi Un alipanda vyeo jeshini hadi luteni jenerali mwaka 1940. Mwaka 1936, maofisa vijana walipoasi Tokyo, alikuwa kamanda wa kikosi cha miguu cha Utsunomiya, na alikuja na askari kusaidia kulinda mji. Mrithi wa kiti cha Korea akilinda mji mkuu wa kaizari aliyekimeza kiti hicho. Kwenye vita kuu ya pili aliongoza jeshi la anga ndani ya Japani. Mtoto wa kaka yake, Yi Wu, naye ofisa wa jeshi la Japani, alikuwa Hiroshima asubuhi ile ya Agosti 6, 1945, akafa siku iliyofuata.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza unaostahili kutazamwa kwa makini ni wa Agosti 1907: kumruka Yi Kang. Mara nyingi huandikwa kama jambo la Wajapani pekee. Lakini ulikuwa uamuzi ambao kila aliyekuwa mezani alipata alichotaka. Japani ilitaka mrithi wa kufinyangwa, na mtu wa miaka 30 aliyesoma Marekani hafinyangiki. Bibi Eom alitaka mwanawe. Gojong hakumwamini Yi Kang, aliyekuwa na uhusiano na wanasiasa waliokimbilia nje. Wote walikubaliana juu ya mtoto, kila mmoja kwa hesabu zake, na hapo ndipo Japani iliposhinda bila kupiga risasi.

Uamuzi wa pili ni wa Desemba. Ni rahisi leo kuuliza Gojong alimwachiaje mtoto. Tumweke katika siku zile: hana kiti, hana jeshi, mwanawe Sunjong anatia saini anacholetewa. Isitoshe, Ito alikuwa ameupamba mtego kwa ustadi. Oktoba 1907 alimleta Seoul mrithi wa Japani, Yoshihito, kwa ziara rasmi. Baada ya mrithi wao kuja kwako, unakataaje mrithi wako kwenda kwao? Ito mwenyewe akapewa cheo cha mwalimu mkuu wa mtoto, mzee mwenye mvi aliyeonekana kama babu. Inasimuliwa kwamba aliahidi mtoto atarudi nyumbani wakati wa likizo. Ahadi hiyo haikutimizwa. Mtoto hakuiona Korea tena mpaka mama yake alipokufa.

Uamuzi wa tatu ni sare. Kwa mawazo ya Kikorea ya wakati ule, mwana wa mfalme alipaswa kuwa msomi wa vitabu vya kale. Japani ilimfanya askari. Sababu ya wazi ni kwamba wana wa kaizari wa Japani nao waliingia jeshini, kwa hiyo ilikuwa heshima. Sababu isiyosemwa ni kwamba askari huapa, hupangiwa kituo, hupewa likizo na kunyimwa. Hakuna minyororo iliyo nadhifu kuliko hiyo.

Ndoa ilikuwa uamuzi wa nne, na hapa Japani ilifanya hesabu kubwa kuliko zote. Ilidhamiria kuionyesha dunia kwamba Korea na Japani sasa ni nyumba moja. Ilikuwa tayari hata kurekebisha sheria ya ukoo wake wenyewe.

Na Yi Un je, aliamua nini? Hapa wasomaji wengi hukata tamaa naye. Mwaka 1919, wakati watu wake wanapigwa na kuuawa mitaani, hakutoa tamko lolote. Alikwenda Ulaya na kurudi. Alibaki katika sare mpaka vita vilipokwisha. Sababu zake zinaweza kukisiwa bila kumbebesha maneno asiyoyasema. Kuanzia utotoni kila mtu aliyemzunguka alichaguliwa na serikali. Nyumba yake ilikula posho kutoka kwa serikali hiyohiyo, yen milioni 1.5 kwa mwaka mwanzoni na milioni 1.8 baadaye, na posho hiyo ndiyo iliyowalisha ndugu na watumishi waliobaki Seoul. Akikohoa vibaya Tokyo, wangeugua wengine Seoul. Baada ya 1912 alikuwa pia na mdogo wake wa kike, Deokhye, aliyezaliwa Gojong akiwa mzee, na ambaye mwaka 1925 naye alichukuliwa kupelekwa Japani kwa masomo, kwa mtindo uleule.

## Matokeo

Vita vilipokwisha 1945 Korea ilikuwa huru na imegawanyika. Mtu angetarajia Yi Un arudi. Hakurudi kwa miaka 18.

Mwaka 1947 katiba mpya ya Japani ilifuta vyeo vya ukoo wa Kikorea, na amri ya kuandikisha wageni ikamfanya mtu asiye Mjapani. Posho ikakatika. Kodi kubwa ya mali iliyotozwa baada ya vita ikamlazimisha kuuza alichokuwa nacho, na mwishoni akauza hata jumba lake la Kioicho, lililojengwa 1930. Wanunuzi wakaligeuza hoteli, Akasaka Prince.

Huku Seoul, rais alikuwa Syngman Rhee, ambaye kwa asili naye ni wa tawi la mbali la ukoo huohuo wa Yi. Hakutaka mrithi wa kiti arudi. Mali ya ukoo wa kifalme ikafanywa ya taifa, na mlango ukafungwa. Yi Un akawa mtu asiye na nchi: Japani imemwita mgeni, Korea haimtaki. Mwanawe Ku alikuwa amekwenda Marekani kusomea usanifu wa majengo huko MIT, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baba akalazimika kuchukua uraia wa Japani ili apate pasipoti ya kwenda kumwona. Kisha akapata kiharusi.

Rhee aliangushwa 1960, na mwaka uliofuata Park Chung-hee akatwaa madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi. Park alimrudishia Yi Un na mkewe uraia wa Korea 1962. Tarehe 22 Novemba 1963 walitua Seoul. Mrithi aliyeondoka na miaka 10 alirudi na miaka 66, akashushwa kwenye ndege kwa machela ya hospitali, hawezi kuzungumza wala kujua yaliyomzunguka, akapelekwa moja kwa moja wodini. Alifariki tarehe 1 Mei 1970 katika nyumba ya Nakseonjae, ndani ya ikulu ya Changdeokgung.

Deokhye alikuwa ametangulia kurudi Januari 1962. Ndoa aliyofungishwa na bwana mkubwa wa Kijapani mwaka 1931 ilikuwa imeshavunjika, naye aliishi miaka mingi hospitalini Japani kwa ugonjwa wa akili. Alifariki Aprili 1989, Nakseonjae. Ku hakupata mtoto. Alifariki Julai 2005, Tokyo, akiwa mgeni katika hoteli ya Akasaka Prince, palepale palipokuwa nyumbani kwao.

## Uchambuzi

Nianze na kilichoonekana kufanikiwa kwa upande wa Japani, kwa kuwa hapo pana mafunzo yasiyosemwa sana. Kumchukua mtoto 1907 kulifaulu kabisa kwa lengo la karibu. Kuanzia siku ile Gojong na Sunjong hawakuwa huru hata kukasirika. Nyumba ya kifalme haikuongoza upinzani wowote wa silaha, si 1907 majeshi ya wananchi yalipoinuka, wala 1910. Rehani ilifanya kazi yake.

Lakini ilifanya kazi kwa nyumba ya kifalme tu, na hapo ndipo Tokyo ilipokosea hesabu. Ilidhani ukiishika familia umeishika nchi. Nchi ilikuwa imeanza kujiondoa kwenye familia. Azimio la Machi 1919 lilisainiwa na watu 33, viongozi wa dini ya Cheondo, Wakristo na Mabudha; hapakuwa na mwana wa mfalme hata mmoja. Serikali ya uhamishoni iliyoundwa Shanghai mwezi uliofuata ilitangaza jamhuri. Fikiria: miaka tisa tu baada ya kiti kuanguka, waliokuwa wanakipigania kilichopotea hawakukitaka tena kiti chenyewe. Walimlilia Gojong kwa machozi ya kweli, kisha wakaandika katiba isiyo na mfalme. Kadiri Japani ilivyommeza mrithi, ndivyo ilivyowarahisishia Wakorea kazi ya kumsahau.

Ndoa nayo ilishindwa kwa sababu hiyohiyo. Ilikuwa tangazo lililoelekezwa kwa watu waliokwisha kugeuza macho. Waliobaki wakitazama walikuwa wenye hasira, na hao waliona tusi. Kwa Japani ndiyo siasa iliyogharimu zaidi na kuzaa kidogo zaidi. Ajabu yake ni kwamba kama ndoa ya watu wawili ilisimama. Walifungishwa kwa amri, wakamzika mtoto wao wa kwanza huku kila upande ukiwashuku wenzao, wakapoteza cheo, nyumba na fedha, na bado waliishi pamoja miaka 50.

Kosa kubwa la upande wa Korea, kwa maoni yangu, lilitokea Agosti 1907, kabla meli haijang'oa nanga. Safari ya Desemba pengine isingezuilika. Uchaguzi wa mrithi ulikuwa na nafasi ya kujadiliwa. Mrithi mtu mzima angeweza kuchukuliwa vilevile, lakini angekwenda akiwa na lugha yake, marafiki zake, na kumbukumbu ya nchi ambayo haifutiki kwa miaka mitatu ya shule. Novemba 1919 Yi Kang alithibitisha tofauti hiyo: alivaa mavazi ya kujificha, akatoka Seoul kwa siri akielekea Shanghai kujiunga na serikali ya uhamishoni, akakamatwa Andong, mpakani mwa Manchuria. Hakufika. Wala hakuwa malaika, maisha yake yalijaa anasa na madeni. Ila alijua pa kukimbilia. Yi Un hakuwa na Shanghai kichwani mwake, kwa kuwa aliondolewa kabla hajajua kwamba mtu anaweza kukimbia.

Udhaifu wa pili ni ahadi ya Ito. Gojong aliyelalamikia mkataba wa maandishi The Hague aliishia kutegemea neno la mdomo kuhusu mwanawe. Hapakuwa na muda uliowekwa, hapakuwa na kifungu cha likizo, hapakuwa na mtu wa tatu wa kushuhudia. Na neno lile lilikuwa la mtu mmoja. Risasi za Harbin, ambazo kwa Wakorea wengi ni tendo la shujaa na nina hakika zitabaki hivyo, zilimwondoa pia mtu pekee mwenye mamlaka ambaye angeweza kudaiwa. Sisemi Ito angetimiza. Nasema baada yake hakubaki wa kuulizwa.

Je, Yi Un alaumiwe? Hapa watu hugawanyika, na naona pande zote mbili huharakisha. Wanaomtetea humwita mateka tangu mwanzo hadi mwisho. Hoja hiyo inamfaa mtoto wa miaka 10, na bado inamfaa kijana wa miaka 22 mwaka 1920. Inapungua nguvu kwa luteni jenerali. Katika vita vile vijana wa Kikorea walichukuliwa kwa maelfu kwenda migodini na jeshini kwa nguvu, huku ofisa wa juu kabisa mwenye damu yao akikaa kimya. Kwa upande mwingine, wanaomwita msaliti wanadai kwake ujasiri ambao hakuna aliyemfundisha na ambao ungewaangukia wengine kwanza. Alichagua kutowadhuru waliokuwa karibu naye. Gharama ya uchaguzi huo aliilipa 1945: hapakuwa na mtu Korea aliyekuwa na deni la shukrani kwake, na kwa hiyo hapakuwa na aliyedai arudishwe.

Hapo ndipo Rhee alipopata nafasi. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi kabisa; jamhuri ilikuwa changa na nchi ilikuwa vitani kuanzia 1950. Lakini kumzuia raia mmoja asiye na jeshi, chama wala fedha kwa miaka 12 hakukuwa ulinzi wa jamhuri. Kulimgeuza mtu aliyenyang'anywa nchi na Japani kuwa mtu aliyenyimwa nchi na Korea, na kumpeleka kuomba pasipoti palepale alipowekwa rehani. Katika mlolongo mzima huu ndio uamuzi uliokuwa rahisi kuliko yote kufanywa vingine, na uliosamehewa haraka kuliko yote.

Park anastahili sifa ya kuufungua mlango, lakini tusimzidishie. Yeye mwenyewe alihitimu chuo kilekile cha maofisa wa jeshi la Japani, mwaka 1944, na miaka hiyo alikuwa akijadiliana na Tokyo juu ya uhusiano mpya uliotiwa saini 1965. Kumrudisha mzee mgonjwa hakukumgharimu kitu. Mrithi asiyeweza kusema hawezi kudai kiti, wala kueleza aliyoyaona. Angerudi 1947 akiwa na miaka 50, kichwa kikiwa timamu, maswali yangekuwa mengine: kuhusu jeshi, kuhusu posho, kuhusu nani alitia saini nini. Pande zote mbili ziliokolewa na kiharusi.

Anabaki Masako, ambaye Korea inamjua kwa jina la Yi Bangja. Kwenye karatasi yeye ndiye aliyekuwa chombo kuliko wote: aliolewa kwa siasa, akaletwa nchi iliyokuwa na kila sababu ya kumchukia. Mumewe alipofariki angeweza kurudi Japani na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki Seoul, raia wa Korea miongoni mwa Wakorea, na akaelekeza nguvu zake kwa watoto wenye ulemavu, ambao wakati ule familia nyingi ziliwaficha ndani. Alianzisha kituo cha Myeonghwi cha kuwafundisha kazi na shule ya Jahye huko Suwon. Fedha alizitafuta mwenyewe, kwa kuuza maandishi ya brashi, picha na vito vya rangi vya chilbo alivyovitengeneza kwa mikono yake, na kwa kuzunguka kuomba michango ndani na nje ya Korea. Aliifanya kazi hiyo mpaka karibu na kifo chake, tarehe 30 Aprili 1989, siku tisa baada ya wifi yake Deokhye. Katika kisa hiki chote ndiyo kazi pekee iliyoanzishwa na mtu wa nyumba ile bila kupangiwa na serikali yoyote, tangu zile shule za Bibi Eom za 1905 na 1906.